Tambi za jana, skrubu moja na lori la magogo: nimezipima filamu zote sita za Final Destination

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mafinga. Misumari, bati, kufuli, cheni, ngazi, mabomba, rangi. Nalitaja duka kabla ya filamu kwa sababu hizi muvi sita ndizo zilizoniharibia kazi. Ngazi ikiegemezwa ukutani naiangalia mara mbili. Mteja akilaza reki sakafuni meno yakiangalia juu, naiokota kwanza, salamu baadaye. Kijana wangu wa dukani anadhani ni usafi.

Kwa ambaye hajawahi kuziona: ya kwanza ilitoka mwaka 2000, ya sita 2025, na mkasa ni ule ule. Mtu anaona ajali kubwa kabla haijatokea, anazua zogo, yeye na wachache wanaachwa nyuma, na ajali inatokea kweli mbele ya macho yao. Wanamshukuru Mungu. Halafu wanaanza kufa mmoja mmoja, kwa foleni ile ile ambayo wangekufa siku ile. Muuaji haonekani. Hana kinyago, hana panga, si jini wala mzimu. Ni upepo umefungua dirisha, maji yamedondokea waya, skrubu imelegea.

Mimi nilianza na ya pili, ya mwaka 2003, na huenda hapo ndipo nilipopotea.

Ilikuwa 2005, nina miaka 13, kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea muvi, nyuma ya soko. Kuta za mabanzi, mabenchi ya mabanzi, mlangoni limening'inizwa blanketi, kiingilio shilingi mia. Nje baridi ya Juni, ile ya kutoa moshi mdomoni. Ndani joto la watu sitini na harufu ya ulanzi kutoka safu ya nyuma. Muvi ilikuwa imetafsiriwa, na mkalimani hakujali sana wazungu walikuwa wanasema nini. Kila upepo ulipovuma kwenye kioo alikuwa anapaza sauti: "Haya, Izraili huyo! Izraili kashafika eneo la tukio!"

Mliokulia vibandani mnajua swali la kwanza huwa ni moja: stelingi, yaani shujaa wa muvi, nani? Ukishamjua stelingi unatulia, maana stelingi hafi. Ukishamjua adui, unasubiri apigwe. Siku ile tulikosa vyote viwili. Huyu tuliyedhani ni stelingi kafa, tukahamia kwa mwingine, naye kafa. Kaka mmoja akauliza kwa hasira, "Sasa adui yuko wapi?" Mwenzake akamjibu, "Si hiyo cheni?"

Cheni yenyewe ni ya lori la magogo. Dada mmoja, Kimberly, anaingia barabara kuu na marafiki zake. Mbele yao kuna lori limebeba magogo, na kamera inalitazama kama paka anavyomtazama mjusi: hairuki, inangoja. Inaonyesha dereva mwingine anakunywa bia. Inaonyesha mtoto anagonganisha vigari vyake. Inarudi kwenye cheni. Inaondoka. Inarudi tena. Cheni inakatika, gogo la kwanza linatua barabarani, na lifuatalo linapita kwenye kioo cha gari la polisi hadi upande wa pili. Baada ya hapo ni dakika chache za magari kupanda juu ya magari.

Sasa fikiria umeiona hiyo ukiwa mtoto wa Mafinga. Shamba la miti la Sao Hill liko hapo nje ya mji. Malori ya magogo, mbao, mirunda na nguzo za umeme yanapita usiku na mchana. Kutoka kibandani hadi nyumbani nilivuka barabara kuu nikiwa nimefumba macho, jambo ambalo ukilifikiria vizuri ndilo lingeniua.

Miaka ya baadaye nilisoma kwamba watengenezaji walijaribu kudondosha magogo halisi, yakakataa kuruka, yakadunda kidogo tu, ikabidi wayatengeneze kwa kompyuta. Mpakiaji yeyote wa hapa kwetu angewaambia hilo bure. Gogo bichi la paina haliruki kama mpira, linabiringika, na ukiwa upande wa chini unatafuta pa kukimbilia. Lakini kwenye filamu sioni kosa. Yale ya kompyuta yanaruka jinsi roho yangu ilivyokuwa inaruka.

Tukio linaloifanya ya pili iwe bora kwangu, hata hivyo, si hilo kubwa. Ni la Evan na tambi.

Evan kashinda bahati nasibu. Anarudi nyumbani na pete mpya na saa mpya, anatoa tambi zilizolala kwenye friji, anazitupa dirishani. Anaweka mafuta jikoni. Pete inamponyoka, inaingia kwenye tundu la sinki, lile lenye mashine ya kusaga mabaki. Anatia mkono. Mkono unakwama. Mafuta yanashika moto. Kila mtu kibandani alikuwa amesimama: mashine itawaka, mkono utasagwa. Hausagwi. Anauchomoa, moto umeshatanda, anatoka dirishani, anashuka ngazi ya chuma ya nje, anafika chini mzima, na mlipuko nyuma yake unamkosa. Tukapiga makofi. Akapiga hatua moja, akateleza. Kwenye nini? Kwenye tambi zake mwenyewe. Akaanguka chali, na ile ngazi iliyokuwa imekwama ikafyatuka kumfuata, ikasimama kidogo tu juu ya jicho lake. Akapumua. Ngazi ikamalizia safari.

Hapo ndipo ninapozipimia nyingine zote. Ya pili inakuonyesha vitu vitano vinavyoweza kumuua mtu, unavihesabu, unachagua kimoja, na wewe unachagua kibaya. David R. Ellis aliyeiongoza anacheza na mtazamaji kama mcheza karata tatu wa stendi.

Mwisho wake sikuuona. Umeme ulikatika zikiwa zimebaki kama dakika kumi, jenereta ikagoma, na mwenye kibanda akakataa kurudisha mia zetu kwa hoja kwamba "sehemu kubwa mmeona". Niliumaliza mwaka 2011 kwa CD ya kukodi. Familia iko nje inachoma nyama, jiko linalipuka, na mkono wa kijana wao unatua kwenye sahani ya mama yake. Miaka sita niliisubiri hiyo. Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Ya kwanza niliiona baada ya ya pili, kwa hiyo sikuionea huruma, lakini ikanishinda. Ni ya James Wong, na wazo lilianzia kwa Jeffrey Reddick, aliyeliandika mwanzoni kama kipindi cha X-Files, tamthilia ya televisheni ya wapelelezi wa mambo ya ajabu. Unaona asili hiyo: wapelelezi wawili wenye mashaka, usiku mwingi, maswali mengi. Wanafunzi wanasafiri kwenda Paris, kijana Alex anaona ndege, safari namba 180, ikilipuka angani, anashushwa na wenzake, na ndege inalipuka kweli. Uwanjani, chooni, spika inapiga wimbo wa John Denver, mwimbaji aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1997. Hakuna damu hapo, hakuna kelele. Kijana anasikiliza tu.

Vifo vyake ni vidogo na vya nyumbani. Mwalimu Lewton anatia chai ya moto kwenye kikombe, anaona nembo ya shule, anakumbuka, anaimwaga, anatia pombe yenye barafu. Kikombe kinapata ufa. Pombe inadondoka tone tone sakafuni, anapita nacho juu ya kompyuta, tone linaingia ndani. Basi. Kutoka kwenye ufa ule nyumba nzima inaondoka na mwenye nyumba. Sina sehemu ya sita, ya tano wala ya tatu inayofikia ukimya wa jikoni ile. Isipokuwa mwisho: mwisho wa kwanza waliourekodi watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukabadilishwa, na huu tulio nao wa Paris unaonekana umebandikwa. Unafurahisha, ila una gundi.

Na ndani ya filamu hii anaingia mzee wa mochwari, Bludworth, yaani mwigizaji Tony Todd. Mrefu, sauti inatoka tumboni, anaonekana dakika chache tu na anaondoka na filamu nzima. Ndiye anayewaeleza vijana kwamba wameharibu mpango na mpango utarekebishwa.

Hapa nisimame kidogo. Wale vijana wanatumia nusu ya filamu kuelewa kitu ambacho bibi yangu angewaambia akiwa anapepeta mchele. Sisi tunalo neno moja, ajali. Kwenye taarifa ya habari ajali ni basi limepinduka. Kwa wazee, na kwenye Kiarabu lilikotoka neno lenyewe, ajali ni ile saa ya mtu iliyoandikwa. Kwa hiyo anayesema "ajali haina kinga" amekusimulia sehemu zote sita, tena bila kiingilio. Nadhani ndiyo maana hizi filamu zilishika sana vibandani kwetu kuliko za wauaji wa vinyago. Kwenye za muuaji wa kinyago tulikuwa tunamshangaa mhusika: si ukimbie? Hapa hakuna wa kukimbiwa.

Ila filamu haiwezi kuishia kwenye "imeandikwa", lazima iwape watu mlango wa kujaribu, na kila muendelezo una mlango wake. Wa ya pili ni kwamba uhai mpya unavunja foleni, kwa hiyo wanahangaika na mama mjamzito. Ndiyo sehemu yake dhaifu, na mkalimani wetu aliipita kwa kuongelea mpira.

Ya tatu, 2006, Wong karudi. Ajali ni ya bembea kubwa ya reli kwenye uwanja wa mabembea, na binti Wendy, anayeigizwa na Mary Elizabeth Winstead, ana picha alizopiga usiku ule ambazo ndani yake kuna dalili za nani atakufa vipi. Ni wazo zuri. Unasimamisha picha, unakagua, unabishana na wenzako. Mdogo wangu anaapa kwamba hii ndiyo bora kuliko zote, na sababu yake ni Winstead, basi. Wasichana wawili wanaofia kwenye vitanda vya kujichoma ngozi iwe ya kahawia ni tukio ambalo Mafinga lilihitaji maelezo marefu. Mzungu analipa pesa aungue makusudi?

Lakini mimi nilikuwa nasubiri duka. Wahusika wawili, Ian na Erin, wanafanya kazi kwenye duka la vifaa kama langu, mara hamsini. Rafu hadi darini, mbao zimepangwa juu kabisa, mashine ya kunyanyulia mizigo inazunguka. Kitaalamu, kosa la kwanza liko wazi: mbao nzito haziwekwi juu kwa namna ile. Mbao zinaporomoka, zinamkosa Ian, sote tunashusha pumzi, na Erin anarudi nyuma kisogo kikitua kwenye mashine ya kupigia misumari. Mashine hiyo kwa kawaida haifyatui mpaka pua yake ikandamizwe na kitufe kivutwe. Pua ilikandamizwa, sawa, kisogo kilifanya kazi hiyo. Kitufe kilivutwa na nani? Nilimuuliza mdogo wangu. Akasema, "Kaka, si ndiye mwenyewe anayetafutwa kwenye filamu?" Nikanyamaza.

Ya nne iliachwa bila namba, 2009, ikaitwa tu The Final Destination kana kwamba ndiyo ya kufungia kazi. Ellis alikuwa karudi pia, na sielewi subira yake aliiacha wapi. Ilitengenezwa kwa ajili ya miwani ya kuona vitu vikikurukia: tairi la gari la mashindano linakuja, bisibisi inakuja, damu inakuja. Mimi niliiangalia kwenye televisheni ya inchi 21 yenye mgongo, bila miwani, na vitu vilikuwa vinaelekea tu upande wa kamera halafu vinapotea. Watu wanakufa kabla sijajua majina yao. Kuna fundi wa gereji anayerushwa na mtungi wa gesi hadi kwenye uzio wa waya, anapita kwenye matundu ya waya vipande vipande, na nilichofikiria ni bei ya waya ule kwa mita. Tony Todd hayumo. Iliingiza zaidi ya dola milioni 180, nyingi kuliko zilizotangulia, kwa hiyo maoni yangu hayakuwafikia.

Ya tano nusura niikose kwa hasira za ya nne. Kijana anayeniwekea muvi kwenye flashi aliniambia, "Bro, amini." Nikaamini, na ni deni ambalo sijalilipa.

Steven Quale, 2011. Daraja linakatika, basi la wafanyakazi, wachache wanaokoka. Halafu unakuja ukumbi wa mazoezi ya sarakasi. Kwenye kiyoyozi juu kuna skrubu inalegea. Inadondoka, inatua kwenye ile boriti nyembamba wanayotembea juu yake mabinti pekupeku, na inasimama ncha juu. Mimi skrubu kama ile nauza kwa kupima. Candice yuko juu ya boriti. Kisigino kinatua pembeni ya skrubu. Anaruka, anageuka, vidole vinatua upande wa pili. Chini kuna maji yanasogelea waya ulio wazi. Feni inatetemeka. Nilijikuta nimekunja vidole vya miguu ndani ya kandambili. Anamaliza, anashuka, hajaguswa. Anahamia kwenye vyuma vya kuning'inia, na skrubu inakanyagwa na binti mwingine kabisa, ambaye anaangusha unga wa mikononi, feni inaupuliza, unamwingia Candice machoni, mikono inaachia. Mlio wa mgongo wake unapotua sitauelezea.

Hiyo ni tambi tena. Baada ya miaka minane mtu kakumbuka tambi.

Na mlango wake ndio bora kuliko yote: ukimuua mtu mwingine, unachukua miaka yake iliyobaki. Ghafla waliosalimika wanaanza kuangaliana vibaya. Kwa mara ya kwanza Izraili anapata wasaidizi. Halafu mwisho, na kama hujaiona ruka hadi aya ifuatayo, kijana Sam na mpenzi wake wanapanda ndege kwenda Paris, kuna vurugu kwenye viti vya mbele, wanafunzi wanashushwa, na unagundua ni ile safari namba 180. Filamu nzima ilikuwa inatokea kabla ya ile ya kwanza, simu na magari vilikuwa vinakuambia muda wote. Niliirudisha nyuma saa ile ile kuhakiki. Simu za vitufe zilikuwepo tangu dakika za mwanzo, na mimi ninayejidai kukagua kila skrubu sikuziona.

Ikapita miaka 14. Mei 2025 nilikuwa nimeshuka Dar kufunga mzigo eneo la Gerezani, na shemeji yangu, mume wa dada, akanipeleka sinema kuangalia Bloodlines ya Zach Lipovsky na Adam B. Stein. Ukumbini baridi ya kiyoyozi kama ya Mafinga, ila bila makoti.

Inaanzia miaka ya 1960 kwenye mgahawa ulio juu ya mnara, sakafu ya kucheza muziki ni ya kioo, na mtoto mtundu ana sarafu ya senti moja. Zaidi ya hapo angalia mwenyewe, maana zile dakika za mwanzo zinakaa meza moja na magogo. Iris, binti mjamzito, anaona maono na kuokoa ukumbi mzima. Lakini walioponea pale walizaa, na watoto wao wakazaa, na wote hao hawakutakiwa kuwepo. Foleni sasa ni ya ukoo. Iris kazeeka kwenye nyumba aliyoizungushia boma porini, kitabu cha hesabu za kifo mkononi, na mjukuu wake anakuja kuuliza.

Shemeji alielewa mapema kuliko mimi. Aliniinamia akaninong'oneza, "Kwa hiyo sisi tuliooa huku tumepona?" Watu wa safu ya mbele wakageuka. Na ni kweli kabisa, wakwe hawamo kwenye foleni, na filamu inaichezea kanuni hiyo vizuri: kuna mmoja ambaye habari ya baba yake halisi inavuruga hesabu ya kila mtu.

Tukio la uani ndilo nililolipia nauli. Familia inachoma nyama. Kipande cha kioo kimeingia kwenye kikombe chenye barafu. Chini ya turubai la kurukia watoto kuna reki, meno juu. Reki! Nilimshika shemeji mkono. Turubai linabonyea, meno yanakaribia, linapanda. Kikombe kinapelekwa mdomoni, kinarudi. Sitasema nani wala kwa nini, ila mashine ya kukatia majani ilikuwa imekaa pale pale muda wote na hakuna mtu ukumbini aliyekuwa anaiangalia.

Haifiki ya pili kwa sababu mbili: damu nyingine ni ya kompyuta mno, na robo ya mwisho inakimbia. Lakini ina Tony Todd. Alifariki Novemba 2024, kabla haijatoka, na kwenye skrini unaona kakonda, suti imemzidi. Waongozaji walimwachia aage kwa maneno yake mwenyewe. Anawaambia vijana wafurahie muda walio nao, anavaa kofia, anatoka mlangoni taratibu. Ukumbi uliokuwa unapiga kelele dakika tano kabla ulitulia, hata wale wa bisi walisitisha kutafuna. Kwangu mimi ya sita inashika nafasi ya tatu, sawa na ya tano, na zote mbili zinaipita ya tatu kwa mbali. Ya nne mpe mtu mnayedaiana.

Keshoyake nilipanda basi kurudi. Tiketi ilikuwa ya siti ya kulia dirishani. Kuna mlima Kitonga njiani, sisi tunapanda, malori ya mirunda na mbao yanashuka, kona baada ya kona. Nikaongeza elfu mbili, kondakta akanihamishia kushoto. Mama Neema aliponipigia tukiwa Ruaha Mbuyuni akaniuliza hiyo elfu mbili ya nini tena. Nikamwambia upande wa kushoto una kivuli.